Ukingo wa Daraja la Kwanza

Kuna nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wakubwa wake hawapendi kutajwa pasipo ngoma na vigelegele. Inatosha kujua kwamba nchi hiyo ina ziwa, na kwamba ziwa lenyewe limelala kando ya bahari kabisa, likitenganishwa nayo na tuta la mchanga tu, jembamba kama ukanda wa kiunoni.

Ziwa hilo lilikuwa na kingo za kila namna, maana Mungu alizipanga bila kushauriana na mtu. Upande wa bahari palikuwa na mchanga huo. Kaskazini palikuwa na mikoko, imesimama majini kama watu waliopandisha nguo ili wavuke. Ukiizunguka ulikuta majabali yenye konokono, halafu tope jeusi ambalo ndege wenye miguu mirefu walishinda wakilidonoa. Na upande wa machweo, mahali pa chini kuliko pote, palikuwa na matete. Humo kwenye matete, katika nyumba ya miti iliyosimama juu ya nguzo, alizaliwa Siwema, binti wa Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa na kazi ambayo haikuwa na mshahara wala ofisi. Alikuwa Mwitaji. Kila masika mito ilijaza ziwa, na tuta la mchanga liliyazuia maji yasitoke. Ilibidi mtu aamue lini tuta litobolewe. Likitobolewa mapema, bahari inaingia na kuua vifaranga vya samaki. Likichelewa, watu wanalala na vyura. Wazee wa zamani hawakutaka kugombana kila mwaka, basi wakakubaliana kwamba atakayeamua ni mwenye nyumba iliyo chini kuliko zote. Maji yakimgusa vifundoni mlangoni pake, anaita, "Maji yamenifika." Kingo zote zinaitikia, "Tumekusikia," kisha kila mtu anachukua jembe na kwenda kwenye tuta. Hakuna aliyemdai Mwitaji ushahidi. Hata wavuvi wa upande wa majabali, wabishi ambao hawakukubaliana na mtu juu ya jambo lolote, waliamini miguu ya Bi Tabu.

Kwenye tuta, Bi Tabu mwenyewe ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Alichimba kifereji chembamba, cha kupita kuku, kisha akawaketisha watu wanywe chai.

"Tuchimbe pana, tumalize," vijana walisema kila mwaka.

"Kaa chini wewe," Bi Tabu alijibu. "Ziwa linatoka kama mgeni anayeaga. Ukilisukuma mlangoni, linaondoka na bawaba."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Mheshimiwa Shaweji Kupela, Waziri wa Kingo na Hadhi ya Maji, aliposafiri ng'ambo.

Huko ng'ambo Mheshimiwa alioneshwa ziwa lililozungushiwa zege pande zote, lenye mabenchi na taa. Alilitazama, kisha akalikumbuka la kwao, akaona aibu hadi akakataa chakula cha jioni. Alikula baadaye hotelini, lakini kwa huzuni. Aliporudi aliitisha mkutano uwanjani na kuhutubia kwa kipaza sauti alichokipenda kuliko watoto wake.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa hutambuliwa kwa ukingo wake. Nimesikitika kuona ziwa letu halina nidhamu. Mchanga unahamahama bila ruhusa. Mikoko imeacha mizizi yake wazi mbele ya watoto. Na matete ni hatari zaidi, maana ukisimama kwenye matete huwezi kusema nchi imeishia wapi na maji yameanzia wapi. Mtu anayeishi mahali kama hapo, ndugu zangu, yuko upande gani?"

Watu walipiga makofi, kwa sababu waliokuwa mbele walikuwa watumishi wa wizara.

Tangu siku hiyo kingo zikapewa madaraja. Ukuta wa zege ulikuwa Daraja la Kwanza. Mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya yalipewa la Pili, na gati za mbao la Tatu, kwa masharti kwamba mbao zipakwe rangi. Majabali yalijadiliwa kwa wiki nzima, kwa kuwa yalikuwa magumu kama zege lakini hayakuwa yamezinduliwa na mtu. Mwishowe yakazinduliwa, utepe ukakatwa, yakapanda daraja. Mchanga na tope viliwekwa chini ya uangalizi. Mikoko ilifungiwa vitambaa mizizini. Matete hayakupewa daraja lolote. Yaliitwa Kisichojulikana, na Kisichojulikana kilitakiwa kuondoka.

Waliotumwa kuyaondoa walikuja na mitambo, wakaongozwa na msaidizi wa Mheshimiwa, Bwana Mkadam, mtu mwembamba aliyezoea kusema "tunashukuru" kabla hajaambiwa lolote.

"Mama, mnahamishiwa ukingo mbadala," alimwambia Bi Tabu. "Tunashukuru."

"Uko wapi huo ukingo?"

"Kule mlimani."

"Mlimani kuna maji?"

"Kuna mstari," alisema Bwana Mkadam.

Na kweli ulikuwepo. Juu ya kilima kikavu, wizara ilikuwa imepaka mstari wa rangi ya buluu ardhini, na nyuma yake mahema. Kila familia ilipewa kipande cha mstari cha kukaa kando yake. Kulikuwa na bango lililokataza kuvua samaki.

Bi Tabu alikataa kupanda kilima kabla ya masika, kwa sababu alikuwa na kazi. Alijenga kibanda kwenye mabaki ya matete yake, katikati ya mitambo, akangoja. Mvua zikanyesha. Ziwa likapanda. Siku maji yalipomgusa vifundoni, alisimama akaita kama alivyoita maisha yake yote.

Siwema alikuwa amesimama nyuma yake, akasubiri mwitikio. Haukuja. Askari walikuwa wamepangwa kwenye kila ukingo, na watu walikuwa wameambiwa kwamba atakayemwitikia mkaazi wa Kisichojulikana atahesabiwa kuwa naye ni wa huko. Bi Tabu akaita tena. Alidhani sauti imemwishia uzeeni, akakohoa kidogo, akaomba radhi kwa binti yake, akaita tena. Hapo ndipo walipomkamata kwa kosa la kutangaza maji bila kibali.

Tuta lilitobolewa siku zilizofuata na mitambo ya serikali, na Mheshimiwa akapigwa picha. Bi Tabu alitolewa mahabusu akiwa na kifua kibaya, akapelekwa mlimani kwenye mstari wake. Huko alimwuliza Siwema jambo lile lile kila asubuhi. "Hivi kweli hawakunisikia?"

"Hawakusikia, mama. Upepo ulikuwa ukitoka upande wao."

Alikufa kabla ya vuli. Siwema alimwosha, akamzika, na pale kaburini, akiwa msichana mwoga asiyeweza hata kumdai muuza maandazi chenji yake, aliazimia jambo moja: kwamba Shaweji Kupela atasimama mahali pale pale aliposimama mama yake, maji yakiwa miguuni, na kuita kwa mdomo wake mwenyewe. Hakutaka fidia wala mnara wa kumbukumbu. Alitaka kuyasikia maneno hayo yakitoka kwake. Na alitaka Shaweji naye angoje mwitikio.

Shaweji Kupela, bila kujua, alianza kumsaidia.

Kwanza alijijengea jumba palipokuwa na matete, kwa kuwa palikwisha wekwa wazi na ingekuwa ubadhirifu kupaacha. Alijaza kifusi, akazungushia ukuta wa zege mrefu na mweupe. Ulikuwa ukuta bora kuliko zote nchini, na kwenye sherehe ya kuuzindua alitangaza kwamba maji hayatapita Daraja la Kwanza kamwe, na kwamba atakayesema yamepita ametukana taifa.

Pili, walikuja wageni kutoka nje, wakauliza habari za ule mwito wa zamani waliousoma vitabuni. Wakasema ni kitu kizuri sana. Mheshimiwa hakujua kwamba ni kitu kizuri, lakini alijifunza haraka. Siku hiyo hiyo akautangaza kuwa Urithi wa Taifa, akaulinda kwa sheria: hakuna atakayegusa tuta la mchanga, awe raia au askari, kabla mwito haujatolewa, na hakuna atakayetoa mwito isipokuwa Mwitaji Mkuu wa Taifa, akiwa ndani ya maji, kwa maneno yale yale ya zamani. Akatafuta mtu anayefaa cheo hicho kizito. Alitafuta asubuhi nzima, akajiteua. Alishonewa joho.

Tatu, alimwajiri Siwema.

Ukuta wa Daraja la Kwanza, licha ya ubora wake, ulikuwa na tabia ya kulowa. Mawimbi yaliupiga, na doa la maji liliweza kumfanya mpita njia adhani kuna maji karibu. Kwa hiyo wizara iliajiri wanawake wa kuukausha kwa matambara, kutwa, kutoka kona hadi kona. Waliochukuliwa walikuwa watu wa mlimani. Siwema alipangiwa kipande cha mbele ya baraza ya Mheshimiwa, pamoja na Bi Somoe, shoga wa marehemu mama yake, mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala.

"Tazama tulivyopanda cheo," Bi Somoe alisema, akikamua tambara. "Zamani tulikuwa tunafuta watoto makamasi. Sasa tunalifuta taifa."

"Taratibu, Bi Somoe, atakusikia."

"Anisikie kwa sikio lipi? Lile aliloliziba siku mama yako alipoita, au lile jingine?"

Siwema aliinamia ukuta. Alikuwa akitazama doa moja la maji, ambalo lilirudi mahali palepale kila walipolikausha, likitokea ndani.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja na mvua isiyojua madaraja. Mikoko na tope vilikunywa sehemu ya maji kama zamani, lakini matete ya kuyatuliza hayakuwepo; kila tone lililoangukia zege lilitafuta pa kwenda. Lilienda lilikokuwa likienda siku zote, upande wa chini kuliko pote.

Maji yalipita chini ya ukuta, kwa kuwa kifusi hakikuapishwa. Yakatokea kwenye bustani ya Mheshimiwa. Wizara ikatoa taarifa kwamba huo ni umande wa maendeleo. Yakaingia sebuleni. Wizara ikaeleza kuwa Mheshimiwa amefungua bwawa la ndani. Zulia lililoletwa kutoka ng'ambo likaanza kuelea, na wageni waliokuja kwa chakula cha mchana walikula, miguu yao ikiwa juu ya viti, wakisifia hali ya hewa. Mke na watoto waliondoka siku hiyo kwenda kumsalimia shangazi.

Kwenye tuta la mchanga, watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Walikuja na majembe, wakakaa juu ya mipini yake, wakachemsha chai. Watu wa majabali walikuwepo, na watu wa gati, na wa mlimani. Hakuna aliyechimba hata shimo la kaa. Bwana Mkadam aliwajia kwa mtumbwi.

"Ndugu zangu, mbona mmekaa? Chimbeni. Tunashukuru."

"Tunalinda Urithi wa Taifa," alisema mvuvi mmoja kwa heshima. "Mwito haujatolewa."

"Lakini si mnaona maji?"

"Sisi? Hatujaona. Wewe umeyaona wapi? Ukituambia mahali, tutamwambia na afande hapa."

Afande aliyekuwa kando yao, ambaye naye alikuwa amepewa chai, akamtazama Bwana Mkadam kwa makini. Bwana Mkadam akasema kwamba yeye pia hajayaona, akashukuru, akageuza mtumbwi.

Siwema alikuwa juu ya ukuta na tambara lake wakati mtumbwi ulipoingia barazani. Mheshimiwa Shaweji alisimama juu ya meza ya chakula, suruali imekunjwa. Alionekana mfupi kuliko kwenye picha.

"Wewe binti," alimwita, baada ya kumsikiliza Mkadam. "Wewe si wa yule mama? Aliyekuwa anaita?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Alikuwa na sauti nzuri, Mungu amrehemu. Nadhani na wewe umeirithi. Ita kidogo, kwa niaba yangu. Nakukaimisha."

Siwema alikuwa ameyawaza mazungumzo haya mara nyingi, akikausha. Katika mawazo yake alikuwa mwenye maneno makali na marefu. Sasa alikamua tambara, maji yakadondoka ukutani. Akajikuta anasema jambo dogo tu.

"Sheria inataka aitaye awe amesimama ndani ya maji, Mheshimiwa. Mimi niko juu ya ukuta."

"Basi shuka."

"Nikishuka nitakuwa nimesema maji yamepita ukuta. Nitakuwa nimetukana taifa."

Bi Somoe akageuka upande wa pili, akafuta mahali palipokuwa pakavu.

"Unataka nini?" Mheshimiwa aliuliza kwa sauti ya chini. "Nyumba? Nitakupa nyumba. Daraja la Pili, yenye mawe ya waya."

"Nataka kwenda kwenye tuta," alisema Siwema. "Ukiita, nitakusikia." Akakunja tambara, akapanda mtumbwi pamoja na Bi Somoe, na Bwana Mkadam, kwa kukosa la kufanya, akawapigia kasia.

Walipofika, kipaza sauti cha Mheshimiwa kilikuwa kimeanza kukoroma. Ziwa zima lilinyamaza kumsikiliza.

"Ndugu wananchi," sauti ilisema, "kumekuwa na hali."

Watu wakanywa chai.

"Kuna taarifa kwamba maji, katika baadhi ya maeneo, yanafikiria kusogea."

"Mwambieni aongeze sukari," alisema Bi Somoe.

Kipaza sauti kikakohoa. Kikasema maji yamemfika jirani wa Mheshimiwa. Mvuvi wa majabali akasimama, akaangalia kila upande, akauliza kwa dhati jirani huyo ni nani, maana majirani wote walihamishwa. Kikasema maji yamelifika taifa. Afande alitikisa kichwa. Alikumbuka sheria, hayo siyo maneno yake. Kisha ng'ambo ya ziwa wakamwona mtu mfupi mwenye joho akishuka kwenye meza, akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Maji yamenifika," sauti ilisema.

Nyuso zote zikamgeukia Siwema. Yeye ndiye aliyebaki wa nyumba ya Mwitaji, na hakuna aliyetaka kuitikia kabla yake. Siwema aliyatia maneno yale moyoni, akayasikia yakitua. Hakufungua mdomo.

"Maji yamenifika," kipaza sauti kilisema tena. Mtu akakohoa ndani yake. "Samahani. Labda hamsikii. Maji yamenifika."

Bi Somoe, ambaye alikuwa hajawahi kukosa la kusema, alianza kulia.

Siwema alimwacha Shaweji Kupela akaita mpaka sauti yake ikapoteza cheo na kubaki sauti ya mtu tu. Ndipo akasema, "Tumekusikia," na kingo zote zikaitikia nyuma yake, watu wa mchanga, wa tope na wa majabali, kwa mwitikio waliokuwa wamedaiwa na mwanamke mwingine.

Hapo kila kitu kingeweza kwisha kwa wema. Lakini Mheshimiwa alikuwa mtu wa shughuli, na shughuli isiyo na mgeni rasmi ilimuumiza. Alifika kwenye tuta kwa mtumbwi, joho limelowa hadi magotini, mpiga picha nyuma yake, na aibu ya muda mfupi uliopita ameshaivua kama kofia. Akamkuta Siwema ameinama, anachora kwa ncha ya jembe kifereji chembamba.

"Nini hiki?" alisema. "Hiki ni cha kuku. Mimi nina jumba linazama. Fungueni lote. Pana, kwa nguvu zote za taifa, mara moja."

Majembe yakasimama hewani. Kila aliyekuwa pale alikuwa amemsikia Bi Tabu maisha yake yote, na kila mmoja alimtazama binti yake. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Siwema. Lilikuwa fupi na lingetosha. Lilikuwa neno ambalo mama yake angelitoa bila kufikiri, hata kwa mtu huyu, hasa kwa mtu huyu, kisha angemkaribisha chai.

Siwema akalimeza.

"Mmesikia agizo," alisema, akasogea pembeni.

Walichimba kama watu wanaochimba hazina. Tuta lilipasuka, na ziwa lililokuwa limejazwa na kubanwa pande zote likaona bahari. Halikuaga mtu. Lilitoka kwa kishindo, likila mchanga huku na huku, na maji ya upande wa machweo yakashuka mbele ya macho ya watu kama mtu aliyeondolewa kiti.

Mikoko ilibaki imesimama na vitambaa vyake vya heshima vikining'inia. Tope likabaki tope. Majabali hayakujua kama kuna jambo. Lakini ukuta wa Daraja la Kwanza ulikuwa na kifusi kilichoshiba maji mgongoni, na mbele yake sasa hapakuwa na kitu cha kuuegemeza. Ukainama kama mtu anayetaka kuona vizuri kilichoanguka chini. Kisha ukaanguka wote, kona hadi kona, ukiwa mkavu na msafi upande wa mbele. Baraza ikafuata, halafu sebule yenye zulia, na mwishowe orofa ya juu ikashuka polepole kwa adabu na kukaa kwenye matope.

Mpiga picha alipiga picha. Bwana Mkadam alifungua kinywa kushukuru, akakifunga.

Shaweji Kupela alitazama mpaka paa likatulia. Alipogeuka hakuwatazama wavuvi wala afande, ambaye alikuwa amemsogelea kumwuliza kwa upole kama alikuwa na kibali cha kutangaza maji. Alimtazama msichana wa tambara.

"Mlijua," alisema. "Mlijua kwamba hufunguliwa kidogo kidogo. Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yangu angekuambia," alisema Siwema. "Yeye alilelewa na matete."

"Na wewe?"

Siwema hakuwa na desturi ya kumtazama mtu machoni, lakini safari hii alimtazama.

"Mimi nimemalizia malezi kwenye ukuta wako," alisema, akachukua jembe lake kwenda kuliosha.